Jiko la Gesi ya Samadi: Kulifunga na Kulirekebisha Bila Hatari

Katika skimu za nyanda za juu, kama vile Kinangop, Ol Kalou na Molo, mwezi wa Julai ndio mwezi ambao kila mtu huutafuta moto. Asubuhi majani ya malisho huwa meupe kwa sakitu, watoto hawataki kutoka jikoni, na usiku mwenye nyumba hutamani kulala na moto karibu na kitanda. Mwezi huo huo tangi la gesi ya samadi hupunguza kazi yake, kwa sababu baridi huvilegeza vile vijidudu vinavyotengeneza gesi. Basi moto unahitajiwa sana na gesi ni kidogo, na hapo ndipo watu huanza kujitungia mambo yao kwa jiko.

Nitaeleza jambo nililoliona katika nyumba moja. Palikuwa na jiko la vichwa viwili lililonunuliwa dukani kwa gesi ya mtungi. Fundi mmoja alikuwa amelipanua tundu zake ili litumie gesi ya tangi, na kwa miezi mingi lilipika vizuri. Julai gesi ya tangi ilipokwisha, kijana wa nyumba aliutoa mpira wa tangi akaufunga ule wa mtungi, akawasha kiberiti. Moto uliruka mpaka kwenye mabati. Pazia la dirisha liliungua lote, na kijana akapoteza nyusi zake. Kwa bahati mama alikuwa karibu akaufunga mtungi upesi. Nilipofika siku ya pili mama huyo aliniuliza, "Bwana Afisa, kwani jiko si jiko?"

Swali lake ni zuri, na somo hili ni jibu lake. Jiko si jiko. Kila gesi ina jiko lake, na kila jiko ni lazima lirekebishwe kwa gesi yake na kwa nyumba yake.

GESI MBILI ZISIZOFANANA

Gesi ya samadi si jambo geni katika nchi hii. Tangu miaka ya 1950 walikuwako wenye mashamba makubwa ya kahawa waliojenga matangi ya namna hiyo, na tangu mwaka 2009 mpango wa taifa wa gesi ya samadi umewafundisha waashi wengi kujenga matangi ya kuba chini ya ardhi kwa wakulima wadogo. Kujenga tangi kumefundishwa sana. Jiko ndilo limeachwa nyuma, kana kwamba ni kazi ya kuunga mpira tu.

Katika kila sehemu 100 za gesi ya samadi, sehemu 55 hadi 65 ni methani, nayo ndiyo inayowaka. Zinazobaki karibu zote ni kaboni dioksaidi, ambayo haiwaki kabisa. Tena kuna kiasi kidogo cha ile gesi inayonuka kama yai bovu. Gesi ya mtungi ni propani na butani, nayo huwaka yote. Kwa hiyo gesi ya mtungi ni kali, hutoka kwa tundu jembamba sana lisilofika milimita 1, tena inahitaji hewa nyingi ili iwake vizuri, zaidi ya mara 20 ya kiasi chake. Gesi ya samadi ni pole. Tundu lake kwa jiko la nyumbani huwa karibu milimita 2, na hewa inayohitaji ni kama mara 6 tu ya kiasi chake.

Sasa utaona kwa nini moto ule uliruka. Tundu lililopanuliwa kwa gesi iliyo pole lilipewa gesi kali. Na ukifanya kinyume chake, ukaleta gesi ya samadi kwa jiko la mtungi ambalo halikubadilishwa, utapata kimoto kidogo kinachoruka na kuzimika.

Kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu huitwa nozo. Yafaa ununue jiko lililotengenezwa hasa kwa gesi ya samadi. Ikiwa huna budi kutumia jiko la mtungi, fundi anayeijua kazi hiyo na abadilishe nozo, wala asitoboe kwa msumari. Jiko likisha kubadilishwa, lipake rangi nyekundu ubavuni ili kila mtu wa nyumba ajue kwamba haliruhusiwi kurudi kwa mtungi. Ukitaka kutumia mtungi wakati wa baridi, uwe na jiko la pili. Najua ni gharama, lakini ni ndogo kuliko bei ya paa.

BOMBA KUTOKA TANGINI

Bomba la plastiki ndilo lifaalo, kwa sababu ile gesi ya yai bovu hula chuma na shaba. Lizike chini kiasi cha jembe moja, maana jua hulivunja na ng'ombe hulikanyaga. Toka tangini mpaka jikoni bomba ni lazima liwe na mteremko, ama kuelekea tangini, ama kuelekea mahali pamoja palipo chini kuliko pote. Gesi hutoka tangini ikiwa na mvuke, nao ukipoa bombani hugeuka maji. Maji hayo yakikusanyika mahali bomba lilipolegea, gesi hupita kwa kusukumana, na jikoni utaona moto unapanda na kushuka kama mtu anayehema. Wengi hulaumu jiko, hali kosa liko shambani chini ya udongo. Pale palipo chini kuliko pote weka kipande chenye kiziba, ili ulifungue mara moja kwa wiki maji yatoke. Wakati wa baridi fungua mara mbili.

Weka koki tatu: moja juu ya tangi, moja ukutani mahali bomba linapoingia nyumbani, na moja ni ile ya jiko lenyewe. Mpira wa kutoka ukutani hadi jikoni uwe mfupi, uwe wa kazi ya gesi, na ufungwe kwa klipu za skurubu pande zote mbili. Waya au kamba ya mkonge haifai.

Nje ya ukuta wa jikoni tundika kipimo cha maji. Hiki hakina gharama kubwa. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, urefu wa kama mita 2 na nusu, uukunje kama herufi U juu ya ubao, utie maji yaliyotiwa rangi kidogo mpaka nusu. Mdomo mmoja uungwe kwa bomba la gesi kabla ya koki ya ukutani, na mdomo wa pili uachwe wazi. Gesi inaposukuma, maji hushuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Pima kwa rula tofauti ya pande mbili, nayo ndiyo nguvu ya gesi yako. Kipimo kiwe nje, kwani siku tangi likijaa mno maji yatarushwa na gesi itatoka hapo, afadhali itokee uwanjani kuliko jikoni.

KUTAFUTA PANAPOVUJA

Kabla ya moto wa kwanza, jaza bomba gesi, kisha funga koki ya tangi na koki ya jiko, ile ya ukutani iwe wazi. Andika maji yamesimama wapi kwa kipimo. Rudi baada ya nusu saa. Yakiwa pale pale, bomba ni zima. Yakishuka, pana mahali panavuja. Fanya kazi hii jioni au siku ya mawingu, maana jua likiwaka juu ya bomba gesi hupanuka na kipimo kitakudanganya.

Mahali panapovuja hutafutwa kwa povu la sabuni. Paka kila kiungo, nawe utaona mapovu yakivimba. Kamwe usitafute kwa kiberiti. Nimewasikia wazee wakisema kwamba zamani walifanya hivyo na hawakuungua. Huenda ni kweli, lakini wale walioungua hatuwasikii.

Gesi ya kwanza ya tangi jipya usiiwashe. Imechanganyika na hewa iliyokuwamo tangini, na mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Itoe yote nje, mbali na moto na sigara, ungoje tangi lijae tena. Wala usiwashe moto kwa mdomo wa bomba ili kuonyesha wageni kwamba gesi imepatikana. Moto unaweza kurudi ndani ya bomba hadi tangini. Gesi hujaribiwa kwa jiko tu.

KUREKEBISHA MOTO

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na yafaa baba na mama wa nyumba waijue wote wawili, maana fundi haji kila siku.

Tazama nyuma ya nozo. Utaona bomba fupi la jiko lina matundu ubavuni na pete inayozunguka kuyafunga au kuyafungua. Hapo ndipo hewa huingia kuchanganyika na gesi kabla ya kufika kichwani. Pete hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama utapika au utapata masizi, maumivu ya kichwa na hasara ya gesi.

Usirekebishe alfajiri, kwa sababu gesi ya usiku kucha imejaa na inasukuma kwa nguvu. Wala usirekebishe baada ya chakula cha jioni, tangi likiwa limechoka. Katika tangi la kuba nguvu hubadilika sana, na asubuhi maji ya kipimo yanaweza kupanda mara nyingi kuliko jioni. Ngoja mpaka chai ya asubuhi imekwisha kupikwa, hapo gesi huwa ya kadiri.

Washa kiberiti kwanza, ukilete karibu na kichwa cha jiko, ndipo ufungue koki. Mtu anayefungua koki kwanza kisha akaanza kutafuta kiberiti anajaza gesi jikoni. Funga pete ya hewa karibu yote. Moto utakuwa mrefu, mlegevu, unayumba, na ncha zake huenda zikawa za manjano. Sasa fungua pete kidogo kidogo. Moto utafupika, utakaza, na kwa kila tundu utaona kama mchirizi wa ndani wa rangi ya buluu iliyo wazi. Utasikia sauti ndogo ya kupuliza. Endelea polepole mpaka uone moto unaanza kuinuka na kuachana na kichwa cha jiko. Hapo umezidisha. Rudisha pete nyuma kidogo mpaka moto ukae tena juu ya matundu yake, uwe wa buluu na utulie. Kaza skurubu ya pete ili isihame.

Gesi ya samadi huwaka polepole kuliko ya mtungi, kwa hiyo moto wake ni mwepesi wa kuinuka na kuzimika. Ukiinuka asubuhi tu na mchana ukatulia, kosa si la pete. Ni nguvu ya tangi, nawe upunguze kwa koki ya ukutani. Ukiinuka saa zote, hewa ni nyingi mno. Na kama moto ukirudi ndani ukasikia mlio ndani ya jiko, funga koki mara moja, ngoja lipoe, kisha washa tena ukiwa umepunguza hewa. Mara nyingi hilo hutokea gesi inapokaribia kwisha.

Moto wa manjano usiotoka hata ukifungua pete yote una sababu nyingine. Tazama kama uji umemwagika ukaziba matundu ya kichwa, au buibui amejenga ndani ya bomba la hewa. Buibui huwapa mafundi kazi nyingi kuliko mtu awezavyo kuamini. Safisha kwa brashi na kipande cha waya mwembamba, lakini tundu la nozo lisafishwe kwa unyoya au mti mlaini, usije ukalipanua.

Kisha angalia sufuria. Chini yake iwe juu ya kichwa cha jiko kama sentimita 2 na nusu hadi 3. Ikikaribia zaidi moto hukosa hewa na masizi huanza. Ikiwa mbali, joto hupotea. Masizi chini ya sufuria ni dalili kwamba moto hauwaki sawasawa, na mama anayeosha sufuria huiona dalili hiyo kabla ya afisa yeyote.

Jiko lililorekebishwa mahali palipo chini na penye joto litazamwe upya likiletwa Kinangop, ambako shamba laweza kuwa mita 2,500 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Fanya kazi yote ya pete tangu mwanzo.

Juu ya kiasi cha gesi, hesabu ni hii. Ng'ombe wawili wa kufungiwa zizini wakikupa kilo 30 za samadi kwa siku, kama debe moja na nusu, ukichanganya na maji kiasi hicho hicho, utapata kiasi cha lita 1,000 hadi 1,200 za gesi mahali penye joto. Kichwa kimoja cha jiko hula lita 300 hadi 400 kwa saa, basi ni kama saa 3 za kupika. Mahali penye baridi hutazipata saa hizo zote. Usijaribu kuzirudisha kwa kufungua pete zaidi, maana hewa haiongezi gesi.

HEWA YA NYUMBANI

Moto wo wote hula hewa nzuri ya chumba. Hewa hiyo ikipungua, moto huanza kutoa kaboni monoksaidi. Sumu hii haina harufu, haina rangi, wala haikoozi mtu kama moshi wa kuni. Mtu husikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito, kisha usingizi. Jiko la makaa lililoingizwa chumba cha kulala huua kwa njia hiyo, na katika nchi ya baridi jambo hili limezimaliza jamaa nzima kwa usiku mmoja. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu bila moshi hayajawa salama. Watu hudhani hivyo kwa sababu macho hayawashi.

Jiko la gesi lililorekebishwa vizuri hutoa sumu kidogo sana, lakini halikufanywa kwa kupasha nyumba joto usiku kucha. Lisiingizwe chumbani. Jikoni acha matundu ya tofali mbili au tatu juu ya ukuta chini ya paa, wala usiyazibe kwa magunia Julai ikifika. Gesi ya samadi kwa kawaida ni nyepesi kuliko hewa, hupanda, nayo hutokea hapo juu. Gesi ya mtungi ni nzito, hushuka na kulala sakafuni, kwa hiyo mwenye mtungi na aache pia nafasi chini, karibu na mlango.

Ukiingia jikoni ukasikia harufu ya yai bovu na jiko limezimwa, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa. Fungua mlango na madirisha, toa watoto, kisha funga koki iliyo juu ya tangi. Na ukimkuta mtu amelegea au amelala chumbani penye jiko, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, ndipo utafute gari la kumpeleka hospitali, hata kama ameanza kuzungumza.

USIINGIE TANGINI

Siku moja utaona gesi imepungua na utafikiri tangi limejaa mchanga. Huenda ni kweli. Lakini usishuke ndani, wala usimteremshe kijana kwa kamba, hata kama kifuniko kimekaa wazi tangu asubuhi. Ndani ya tangi hewa ya kuvutwa haipo, na gesi ya yai bovu ikiwa nyingi huiua pua kwanza, hata mtu hasikii tena harufu. Pumzi mbili tatu zatosha kumwangusha mtu mwenye nguvu. Anayemrukia kumwokoa huanguka juu yake. Kazi ya kusafisha ni ya fundi wa matangi mwenye vyombo vya kupuliza hewa ndani. Samadi ikitolewa, iangaliwe kama mchanga unatoka zizini, kisha sakafu ya zizi itengenezwe.

Kila jioni baada ya chakula funga koki ya jiko na ile ya ukutani. Ukienda safari ya siku nyingi, funga na ya tangi, na umwambie jirani anayebaki na ng'ombe asiendelee kulisha tangi, kwa maana gesi isiyotumiwa itasukuma maji ya kipimo mpaka yamwagike.